Darubini ya Mchana

Mwanao akikuletea zawadi mbele ya watu, huigeuzageuzi mkononi kama mnunuzi wa mbuzi sokoni. Unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, na unaisifu mpaka majirani wachoke kukusikia. Ndivyo alivyofanya Ndambuki Jumapili ile, na siku hiyo hakuna aliyemlaumu. Lawama zilikuja baadaye, tena zikaja na jeneza.

Huyu Ndambuki alikuwa mlinzi wa njia ya maji. Boma lake lilikuwa chini ya Kilimambogo, na ule mlima haukupewa jina kwa mzaha. Nyati walikuwa wakishuka usiku kunywa maji katika Mto Athi, kisha alfajiri wanarudi msituni, na njia yao ndiyo hiyo hiyo ya akina mama. Mvua za El Nino zilikuwa zimebeba madaraja na mashamba, kisha zikatukimbia kabisa, na ule mwaka wa pili wa ukame visima vya mchanga kando ya mto ndivyo vilivyobaki na maji ya kunyweka. Navyo ni lazima uvifikie kabla ya ng'ombe. Ng'ombe wakishaingia, unachota tope.

Kwa hiyo wazee walimweka Ndambuki juu ya jiwe kubwa linalolitazama bonde, wakamtundikia kipande cha reli kwenye mgunga. Kazi yake ilikuwa kutazama kwa darubini. Akiona njia iko salama, anagonga chuma, nao akina mama wanateremka na mitungi yao. Asipogonga, hakuna mguu unaoteremka, hata kama nyumbani hakuna tone la kumpa mtoto.

Na alikuwa anaijua kazi yake. Darubini aliyoitumia alikuwa ameachiwa na Mzungu mmoja mwenye ranchi, ambaye Ndambuki alimfanyia kazi ya kuhesabu wanyama alipokuwa kijana. Lilikuwa dude zito, rangi imebanduka, kioo kimoja kimeota ukungu pembeni, na mkanda wake ulikuwa kipande cha kamba ya katani. Watu walilicheka. Lakini katika miaka yote aliyokaa juu ya jiwe lile, hakuna mwanamke aliyeguswa.

Sasa Mbinya, binti yake wa pekee, alikuwa akishona suruali katika kiwanda kimoja cha kule Athi River. Kazi ya kusimama kutwa, mguu unavimba, msimamizi anakufokea ukienda msalani. Katika mshahara huo huo alikuwa akibana, akibana, bila kumwambia mtu. Jumapili ile akafika nyumbani, na baada ya ibada, watu wakiwa bado wamekaa uani wakinywa chai, akatoa kwenye mkoba kiboksi, na ndani ya kiboksi darubini mpya, nyeusi, ndogo, inaingia kwenye kiganja.

"Baba," alisema, "hiyo yako imezeeka, na inakuumiza shingo. Hii ni ya nguvu ya kumi na mbili. Hiyo yako ni saba tu. Angalia, imeandikwa hapo."

Ilikuwa imeandikwa kweli. Na nani asiyejua kwamba kumi na mbili inaishinda saba? Wakatoka wote mpaka ukingoni mwa shamba kuzilinganisha. Jua lilikuwa utosini. Titus, mzee wa kanisa, alitazama kwa ile kuukuu, kisha kwa ile mpya, akasema kwa ile mpya anaiona hata mikia ya kongoni ikifukuza nzi. Mwikali, mke wa Ndambuki, ambaye hakuwahi kushika darubini maishani, aliona tai juu ya mti ng'ambo ya mto akamwonea huruma kwa vile alivyokonda. Ngina, jirani yao, mke wa Musau, mwanamke ambaye ulimi wake haukupata likizo, aliielekeza kwenye boma la shemeji yake akasema, "Kumbe wako na nyama leo, na walituambia ni mboga."

Watu walicheka. Ndambuki akachukua zamu yake, akatazama, na ni kweli, kila kitu kilikuwa karibu na kimekatika vizuri kama kimenyolewa. Akaitoa machoni, akamtazama binti yake aliyesimama pale na miguu yake iliyovimba, na moyo ukamjaa. Akasema mbele ya wote, "Toka nizaliwe sijaona hivi. Mwanangu amenipa macho mapya."

Mbinya alilia. Hapo ndipo mzee Titus, ambaye hakosi neno, alipokumbusha kwamba kanisa linatafuta mabati, na mtu aliyepewa macho mapya anaweza kumtolea Mungu yale ya zamani. Ungekataa vipi? Jumapili iliyofuata kulikuwa na harambee, na kati ya jogoo na mkungu wa ndizi ile darubini kuukuu ikapigwa mnada. Titus mwenyewe ndiye aliyeinunua. Akaenda kuitundika sebuleni kwake, kando ya kalenda, mahali ambapo wageni wataiona.

Wiki ile yote alikuwa bado akitumia ile kuukuu, kama anayeiaga; kesho yake alfajiri Ndambuki alipanda jiweni na zawadi kwa mara ya kwanza, akaiweka machoni, akaona giza.

Halikuwa giza la usiku. Mbingu zilikuwa zimeanza kupauka, na kwa macho yake matupu aliuona mto. Lakini ndani ya darubini bonde lilikuwa weusi mmoja tu, matete na mawe na vichaka vyote vimeshikana, na huo weusi nao ukitetemeka kwa kila pumzi aliyovuta. Akafuta vioo kwa pindo la shati. Akazungusha gurudumu la katikati mpaka likagota. Weusi haukuondoka. Kwa ile kuukuu, saa kama ile, angeweza kukuambia nyati yupi ana pembe iliyovunjika.

Akangoja. Jua lilipotoa jicho, darubini nayo ikafunguka, kila kitu kikawa safi kama Jumapili ile. Akagonga chuma. Akina mama waliteremka wakinung'unika, na visimani wakawakuta ng'ombe wa watu wamewatangulia.

Wiki hiyo akatafuta kisingizio cha kwenda Machakos mjini, akaingia kwenye duka la Rashid, nyuma ya msikiti, pale wanapouza na kutengeneza saa, redio na kamera. Ndipo Mbinya alipoinunua. Rashid alikuwa mtu mpole, baba yake alitoka pwani zamani, na alizungumza na wazee kwa heshima.

"Shikamoo mzee. Imeharibika?"

"Marahaba. Sijui. Asubuhi na mapema haioni."

Rashid hakuonekana kushangaa. Alichukua darubini nyingine kutoka kwenye kabati, kubwa, ya mtindo wa ile ya zamani, akaziweka zote mbili mezani na kumwambia azishike moja moja, mbali na uso, azielekeze mlangoni penye mwanga. "Sasa angalia pale unapowekaga jicho. Kuna kiduara cha mwanga. Unakiona?"

Ndambuki alikiona. Kwenye ile kubwa kiduara kilikuwa sawa na punje ya hindi. Kwenye zawadi ya Mbinya kilikuwa punje ya wimbi.

"Huo ndio mwanga unaoingia kwa jicho lako," Rashid alisema. "Kubwa imetega sufuria kwa mvua, ndogo imetega kikombe. Na hiyo ndogo inavuta zaidi, kwa hivyo huo mwanga kidogo inautandaza mpaka unaisha. Mchana mwanga ni mwingi, hata kikombe kinajaa. Alfajiri mzee, hapana. Si mbovu. Ni ya mchana. Nilimwambia binti yako ni ya mchana, lakini hakuniambia ni ya kazi gani."

"Na ukinibadilishia?"

"Nitakubadilishia, kwa nini nisikubadilishie? Nitafutie tu namba ya binti yako pale kiwandani, nimpigie tuelewane, maana yeye ndiye aliyenunua."

Ndambuki alisimama pale akiikunja na kuikunjua darubini. Ampigie. Amwambie kwamba suruali zote zile, na kufokewa kote kule, na yale machozi mbele ya kanisa, vyote vilikuwa vya bure. Akamwambia Rashid hapana, mambo yatanyooka tu, akaaga.

Hebu tuwe wakweli hapa. Kulikuwa na nyumba ya Titus, mwendo mfupi tu kutoka kwake, na ukutani macho yake ya zamani yananing'inia bila kazi. Angebisha hodi, aseme mzee mwenzangu, niazime. Lakini Titus angeuliza ni ya nini, na Titus akishajua, kanisa zima limejua, na kabla ya mwisho wa mwezi Mbinya amejua. Mapenzi ya mzazi ni kitu kizuri, lakini yakichanganyika na aibu huzaa ujinga ambao hata adui yako asingeweza kukufundisha. Ndambuki akachagua kungoja jua.

Siku zikapita hivyo. Jua linachelewa, chuma kinachelewa, akina mama wanarudi na tope, watoto wanaharisha. Manung'uniko yakaanza chini chini, kisha yakapanda juu. Zamani mzee alikuwa anagonga kukiwa bado na baridi, wakasema. Sasa amepewa darubini ya kisasa, amekuwa bosi, anaamka akitaka.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya ukungu. Akina mama walikuwa wamekusanyika chini ya jiwe na mitungi yao, wamejifunga leso, wanapiga miayo. Ngina alikuwa mbele. Mtoto wake mdogo alikuwa na homa na alitaka maji masafi ya kumchemshia uji. Akapaza sauti, "Baba Mbinya, unangoja jua likuletee chai na mkate?"

Wenzake wakacheka. Mwingine akasema, "Mwacheni, anahesabu kongoni na mikia yao."

Ndambuki alitazama. Weusi. Akateremsha darubini, akatazama kwa macho matupu, akaona ukungu umelala juu ya matete. Akasikiliza, hakusikia kitu. Akajiambia kwamba kwa muda mrefu hakuna nyati aliyeonekana upande huu. Akajiambia kwamba wangekuwepo, ndege wangepiga kelele. Mtu akitaka kudanganywa na amekosa wa kumdanganya, hujidanganya mwenyewe, na hajikosei. Akachukua nyundo, akagonga chuma.

Alikuwa nyati dume mmoja, mzee, aliyefukuzwa na kundi, amelala ndani ya matete hatua chache tu kutoka visimani. Ngina ndiye aliyemfikia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na haraka. Wengine walitupa mitungi, wakakimbia. Kutoka juu ya jiwe Ndambuki alisikia kila kitu na hakuona chochote, na alipofika chini akijikwaa na kuanguka, nyati alikuwa amekwisha kuondoka, na Ngina alikuwa bado anapumua. Hakupumua muda mrefu. Wanaume walikuja na mlango wa kumbebea, wakambeba juu yake akiwa maiti.

Alasiri hiyo naibu wa chifu aliwakusanya watu. Musau, mume wa Ngina, alikuwa ameketi kwenye jiwe na damu ya mkewe imekauka kwenye shati lake, na hakutaka kulivua. Naibu wa chifu akauliza ilikuwaje chuma kikagongwa.

Ndambuki alisimama. Neno la kweli lilikuwa pale pale mdomoni. Aliona uso wa binti yake, ingawa binti yake hakuwepo, alikuwa kiwandani anashona.

"Nililala," alisema. "Nilisinzia. Kelele zao zikaniamsha, nikagonga bila kutazama."

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali wangempigia kelele. Musau akasema, "Basi nitakaa mimi huko juu. Mimi sitalala tena."

Wakamvua kazi Ndambuki siku hiyo hiyo. Tangu hapo Mwikali akifika kisimani wenzake wanamgeuzia mgongo, na salamu zikakatika njiani. Ndambuki aliyavumilia. Aliona ni haki yake. Na tena, Mungu amsamehe, ndani ya aibu hiyo kulikuwa na mahali padogo alipopata nafuu: Mbinya hatajua.

Mbinya alikuja kwa mazishi. Alimtengea baba yake chakula, hakumwuliza kitu. Kesho yake akaiangua darubini kutoka kwenye msumari, akakaa nayo mlangoni akiifuta kwa ncha ya leso.

"Baba, nimefikiria," alisema. "Mtu kulala ni mtu kulala, umri umeenda. Lakini hii haina kosa. Nimeongea na Musau jana, nimemwambia achukue. Kesho anaanza. Angalau zawadi yangu iokoe wengine."

Ndambuki akanyoosha mkono kuichukua.

"Ngoja kwanza," alisema.

"Ningoje nini? Ya kwake iko wapi? Atatazama kwa mkono?"

"Ngoja, mama."

"Baba, Ngina alinibeba mgongoni nikiwa mdogo." Akaipakata darubini. "Nimempa Musau neno langu. Sirudi nyuma."

Akakaa pale nje ya nyumba yake, mwanamume mzima, akiutazama uongo wake ulivyoota mguu na kuanza kutembea peke yake. Akinyamaza, Musau atapanda jiweni na ile darubini, atatazama alfajiri, ataona weusi. Atafikiri ni macho yake ya kilio, au ndivyo darubini zilivyo, kwani amewahi kutazama ipi? Na chini kutakuwa na akina mama wenye haraka. Mwikali atakuwa mmoja wao. Akinena, binti yake ataibeba maiti ya Ngina mpaka siku ya kufa kwake. Alizungusha jambo hilo kila upande na hakuona mlango mwingine.

Jioni akabisha hodi kwa Titus.

"Nimekuja kuazima ile yangu ya zamani."

Titus alimtazama kama mtu anayemtazama mkosa adabu. "Ile nilinunua kwa mnada wa kanisa. Na wewe huna kazi tena. Ya nini?"

"Ya kumwonyesha mtu," Ndambuki alisema. Kuna kitu katika sauti yake kilichomfanya Titus ainuke na kuiangua bila neno la pili.

Alfajiri walikuwa watatu juu ya jiwe: Musau, Mbinya aliyekuja kumkabidhi, na Ndambuki ambaye hakuna aliyemwita. Chini akina mama walikuwa wamekaa juu ya mitungi yao, kimya. Tangu kifo cha Ngina hakukuwa na mzaha pale.

Ndambuki alimgusa binti yake begani. "Tazama na hii yako. Kule kwenye matete."

Mbinya akatazama. Akazungusha gurudumu. "Bado ni giza, Baba."

"Sasa tazama na hii."

Akaipokea ile nzito kwa mikono miwili, akaivaa kamba yake shingoni, akaiinua. Kwanza alikaa kama mtu asiyeelewa anachoonyeshwa.

"Kuna nyati," Mbinya alisema taratibu. "Wako kwa matete. Mmoja amelala, wengine wanatembea. Naona mpaka masikio."

Akaishusha. Akachukua ile mpya, akatazama mahali pale pale. Akarudi kwa kuukuu. Akarudi tena kwa mpya. Musau alikuwa akimtazama yeye, kisha Ndambuki, kisha yeye.

"Ulijua lini?" Mbinya aliuliza.

"Asubuhi ya kwanza."

"Na ukanyamaza."

"Ulikuwa umefurahi," Ndambuki alisema, na aliposikia jinsi neno hilo lilivyo dogo, akatamani jiwe limmeze. "Sikulala, Musau. Nilitazama, sikuona kitu, nikagonga. Si darubini. Ni mimi."

Uso wa Musau ulikuwa wa mtu aliyefiwa mara ya pili. Mbinya hakumgeukia baba yake. Aliivua ile kamba ya katani shingoni mwake, akamkabidhi Musau darubini kuukuu.

"Ya kutazamia ni hii," alimwambia. "Ile ingine ndiyo iliua mama ya watoto wako. Niliileta mimi."

"Mbinya, ni mimi," Ndambuki alisema tena. Ilikuwa kama amesema na jiwe. Binti yake alikuwa ameanza kuteremka, zawadi yake imebanwa kifuani kwa mikono yote miwili, akipita katikati ya akina mama waliompisha bila kujua kwa nini.

Musau aliinua darubini, akatazama bonde muda mrefu, machozi yakiteremka kwenye mashavu yake bila kuyafuta. Nyundo ilikuwa miguuni pake. Hakuigusa. Chini akina mama waliendelea kungoja, na hakuna aliyeuliza ni mpaka saa ngapi.